Jiwe la Nyanya na Bisibisi za Babu

Wiki iliyopita kijana anayeuza kava za simu mkabala nami, katika kichochoro kimoja cha katikati ya jiji, alinitazama nikisugua ncha ya bisibisi kwenye jiwe, akacheka.

"Madam, saa nani anavaa siku hizi? Si simu iko?"

Nikamwambia simu yake imelala kwenye soketi yangu tangu asubuhi, na saa yangu haijawahi kuomba umeme kwa jirani. Kichochoro kizima kilicheka, naye akacheka. Lakini harufu ya mafuta ya cherahani ilikuwa imeshanipanda puani, na ikinipanda, rafiki yangu, huwa siko tena mjini. Niko Riruta, mtaa niliokulia, kwenye ua wa ploti tuliyopanga, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, miguu imejaa vumbi.

Jioni za Riruta zilikuwa na mambo yake. Nyanya alikuwa akikanda unga wa mahamri ya kesho, iliki ikinukia mpaka kwa majirani. Jirani yetu mama mmoja, mtu wa magharibi ya Kenya, alianua nguo akiimba nyimbo za kwaya, na nyanya, ambaye hakuwahi kukosa sala zake tano, alizijua zote na kumrekebisha akisahau ubeti. Kisha babu aliingia kutoka mjini na kopo lake la peremende. Ndani yake hamkuwa na peremende. Mlikuwa na bisibisi za saa, zimefungwa kwenye kitambaa laini, kila moja na pete ya rangi yake kichwani.

Mjini, kwenye meza yake katika kichochoro hiki hiki, babu alijulikana kama fundi asiyeacha alama. Saa iliyopita mikononi mwake ungeifungua baadaye usione hata mkwaruzo. Watu walisifu mkono wake. Wasichojua ni kwamba kila jioni kopo lile lilifunguliwa na nyanya, si yeye. Alinawa unga, akatia tone la mafuta ya cherahani kwenye jiwe lake la kijivu, akaanza kunoa. Wala hakuwa mnyenyekevu, Mungu amrehemu. Alikuwa akisema wazi, "Mkono ni wake, ncha ni yangu." Wanaoniambia nina majivuno wajue nimeyarithi.

Mimi ndiye niliyekaa naye. Alinifundisha kulaza ncha chini kabisa, kuivuta kuja kwangu bila kuitikisa, kugeuza upande wa pili na kufanya vivyo hivyo, kisha kuisimamisha na kuikata bapa mwishoni. "Kisu hukata," alisema, "bisibisi hukaa." Maana yake ncha haitakiwi kuwa kali. Inatakiwa kuingia mpaka chini ya ule mfuo ulio kichwani mwa skrubu na kuujaza, isicheze. Nyembamba mno hutafuna skrubu, pana mno hukwaruza jirani zake. Ndogo kuliko zote, yenye pete ya njano, aliiita Sisimizi. Hiyo niliruhusiwa kuigusa nikishanawa mara ya pili. Na haikuazimishwa mtu yeyote, hata fundi wa meza ya pili. Nyanya alisema ukiazimisha bisibisi yako, utarudishiwa ya mwenzio.

Kisha mikono ya babu ikaanza kutetemeka. Alificha kwa muda, akishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi. Lakini ami, mdogo wake baba, aliyekuwa akiuza mikanda ya saa pale pale mezani, aliona. Akaanza kukizungumzia kiti cha babu kana kwamba ameshakikalia. Hakuna aliyenifikiria mimi. Nilikuwa msichana, bado shule ya msingi, na ami alizoea kusema saa si kazi ya mwanamke. Nyanya alimjibu kwa kusonga ugali kwa nguvu.

Nyanya akasafiri kwenda Mombasa kwenye matanga ya dada yake. Ami akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba kopo lina mwenyewe mpya. Unajua alifanya nini? Alizichukua bisibisi zote za babu akampelekea mnoa visu wa baiskeli, yule aliyekuwa akipita Naivasha Road akipiga kengele. Gurudumu likazunguka, cheche zikaruka, na ami akarudi nyumbani anang'aa kuliko bisibisi zenyewe. Zilikuwa kali kama wembe. Nyingine zilikuwa zimegeuka bluu nchani kwa moto wa gurudumu, chuma kimeungua. Babu alizitazama, akafunika kopo.

Jumamosi nikaenda mjini na babu na ami. Maalim aliyetufundisha madrasa alikuja na saa ya marehemu baba yake. Haikuwa imefunguliwa tangu mzee afe, naye aliitaka itembee. Babu alitazama mikono yake, akampisha ami kitini. Ami akachagua bisibisi iliyometa zaidi, akaitia kwenye skrubu, akazungusha kwa nguvu. Ncha ikateleza, ikakatika kipande, kikaruka hadi kwenye vigae. Kwa bahati saa haikuguswa. Maalim akanyoosha mkono taratibu.

"Basi, nirudishie saa ya baba."

Nikajua saa ile ikiondoka, jina la babu linaondoka nayo, na ncha za nyanya pia. Nikasema, "Maalim, subiri kidogo. Bisibisi imenolewa kama kisu."

"Mtoto huyu atatuaibisha," akasema ami.

"Tumeshaaibika," babu akamjibu. "Mwache."

Chini ya meza kulikuwa na kipande cha jiwe la kunolea. Nikanawa, nikatia mafuta, nikaisugua ile bisibisi iliyokatika mpaka bluu ikaisha na ncha ikawa bapa, huku mafundi wa meza nyingine wakijifanya wanafanya kazi. Babu aliipitishia ukucha wa kidole gumba, akaniinua, akanikalisha kitini kwake. Nikaweka kidole cha shahada juu ya kichwa cha bisibisi kama nyanya alivyonionyesha, nikazungusha kwa viwili vingine. Skrubu ikatii. Na ya pili. Maalim akaazima kioo cha babu cha kukuzia, akatafuta mkwaruzo, asiuone.

"Nani kakufunza, mwanangu?"

"Nyanya."

Kichochoro kizima kilisikia. Babu angeweza kucheka na kuligeuza neno langu kuwa mzaha. Akasema, "Ni kweli. Sifa mlizonipa miaka yote, nusu ni za mke wangu." Kisha akamgeukia ami: "Kiti ni cha anayejua kunoa."

Ami hakunisemesha hadi Idi. Nyanya aliporudi na kuona bisibisi zake, alizisugua upya zote, na zikatoka fupi.

Leo nina diploma ya ufundi wa saa kutoka ng'ambo, imo ndani ya fremu, na nimeitundika mahali ambapo hata mpita njia anaisoma. Siku ya kwanza chuoni hatukupewa saa. Tulipewa bisibisi na jiwe. Wenzangu walinung'unika, mimi nilimaliza wa kwanza, na mwalimu aliponiuliza nilisomea wapi kabla ya hapo, nikamwambia Riruta. Niliporudi, ndugu walinishauri nifungue duka Muthangari, penye sakafu safi na maegesho. Nikakataa. Matajiri wa Spring Valley hunitumia madereva wao kichochoroni, nao husubiri foleni kama wengine.

Ami alipita mwezi uliopita, mzee sasa. Akalitazama kopo akasema, "Hizi zimekwisha, mama. Nunua mpya."

"Hazijaisha, ami. Zimenolewa."

Kweli Sisimizi imebaki kishina. Mafundi wa meza za jirani wamekwenda, mezani kwao kuna kava za simu. Ploti ya Riruta sasa ni ghorofa, na sijui nani anakanda mahamri pale. Jiwe la nyanya limebonyea katikati kama kitanda kilicholaliwa sana, na kila chuma kilichopungua kwenye bisibisi zile kilipitia hapo, chini ya mkono wake, kisha wangu. Nitazinoa hadi zibaki vichwa na pete za rangi. Anayekitaka kiti hiki aje, simkatazi. Ila aje ameshika jiwe lake.