Power saw ndogo au kubwa kwa matawi: nilichojifunza kwa wakwe, Kilungu

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Kila mara naona mtu hapa akiuliza power saw gani ndogo inafaa kukata matawi. Nitajibu, lakini jibu langu liko ndani ya kisa. Sitaweka chumvi, na pale nilikuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Ilikuwa miaka ya themanini, nimeoa juzi juzi tu. Baba mkwe alitaka bluegum moja kubwa iangushwe apate mbao za nyumba. Tukaiangusha vizuri, ikalala imekingama kwa mteremko, juu ya terraces za shamba, zile ngazi za udongo.

Matawi tukaachiwa watu wawili, mimi na Mutua, kaka ya bibi yangu.

Mutua alikuwa na saw ya zamani, bar, ile inayobeba chain, ya inchi ishirini, nzito kama ndama. Yangu ilikuwa ya inchi kumi na nne, second hand, nilikuwa nimetoka kuinunua Emali. Akaicheka. "Shemeji, hii ni ya kunyoa nywele?"

Weh! Nichekwe kwa wakwe? Nikamwambia aanze upande wa shina, mimi nianze kileleni, tuone.

Ukweli wa mashine ni huu. Tawi la unene wa mkono hadi paja, ile ndogo ilimwacha Mutua mbali kabisa. Ni nyepesi, mgongo hauumi, na chain ukiinoa na tupa vizuri kazi inaenda. Yeye kila tawi alikuwa anainua saw na goti. Lakini nilipofika mahali shina ni nene, yangu ikalialia, ikazima. Hapo yake haikuhangaika hata kidogo.

Sasa kina mama. Kwetu mti ukianguka, mbao ni za mzee na matawi ni kuni za mama, na hawangoji umalize. Mama mkwe alikuwa terrace ya chini yetu, ametupa mgongo, anafunga kuni zake.

Nilimwona. Na nilijua hapo ni pabaya, kwa sababu matawi ya upande wa chini ndiyo yalishikilia gogo lisibingirike.

Lakini mnajua nthoni yetu Wakamba. Mama ya bibi yako humkaribii, humwangalii usoni, mkikutana njiani unapinda kando. Mimi bwana harusi wa juzi nimpigie kelele, "Mama, toka hapo"? Nikajiambia Mutua ni mtoto wake, atamwambia. Kumbe Mutua mashindano yamemwingia, hata chini haangalii.

Na hapa ndipo nilikuwa mjinga: sikungoja aambiwe, nikasimama upande huo wa chini nikakata tawi. Nikakata la pili. La tatu, nikaona gogo linageuka.

Nikapiga nduru. Na ile saw ya Mutua inavyonguruma, nani asikie? Nikatupa yangu, nikaruka terrace, nikamshika mama mkwe mkono, nikamvuta kando tukaanguka wote kwa mahindi.

Gogo likapita pale alikuwa amesimama. Zile kuni zikasagwa. Likaenda kukwama kwa mtaro wa terrace iliyofuata.

Nikamwangalia kichwa, mikono, miguu. Hakuna hata mkwaruzo. Mungu si Athumani! Wakuu, nililia na ndevu zangu, nikacheka, nikalia tena. Mutua akazima saw, akaja mbio.

Halafu nikakumbuka nimemshika nani. Aiya! Nikaenda kujificha nyuma ya zizi.

Jioni mama mkwe akaniita mwenyewe. Nikasimama mlangoni, macho chini.

"Inua macho," akasema. "Umenishika mkono, umeniangusha kwa mahindi, sasa aibu gani imebaki? Siku ingine nikiwa mahali pabaya, niambie."

Alibeba watoto wangu wote wanne mgongoni, huyo mama. Nikifikiria vile ingekuwa, bado nashukuru.

Kwa hivyo: matawi, chukua ndogo yenye chain kali. Shina, tafuta kubwa. Kwa mteremko, matawi ya chini yawe ya mwisho, na wewe usimame upande wa juu. Na kabla ya kuwasha, toa watu huko chini. Heshima ya kunyamaza ilikaribia kumuua mtu niliyekuwa namheshimu.

Wenye mmewahi kukatia wakwe mti, semeni ukweli: nani huwaambia kina mama wasonge? Kwangu siku hizi ni mimi, na sauti naitoa yote.