Kibao Kilichoita Abiria

Baba alipoachishwa kazi kiwandani, katika miaka ya tisini, alifungua karakana ndogo nyuma ya posho mill moja, mashine ya kusaga unga, mjini Kakamega. Cherehani, stovu za mafuta ya taa, pampu za kunyunyizia mboga dawa, vyote vilimtii. Wateja ndio hawakuonekana. Ndugu yake wa Nairobi akamwandikia kwamba kuna kazi ya ulinzi, aje mwisho wa mwezi. Mama hakutaka hata kusikia habari za Nairobi, na mimi, kifungua mimba wao, nililia waziwazi.

Basi tukaandika kibao. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, nikashika brashi. Baba alikuwa na adabu nyingi mno. Kazi zote zilipokwisha kuingia kibaoni, akasema tutaje na mahali atakapohudumia: Khwisero, kwa kuwa wakwe zake wangeudhika wasipotajwa, Mayoni, kwa heshima ya mama yake, Mukumu, kwa kuwa ndiko alikobatizwa. Miji nikaiandika kwa herufi kubwa kuliko kazi. Mtu hakuwa hata na baiskeli, lakini kwenye kibao alikuwa amefika kote.

Tulikisimamisha kando ya barabara Jumamosi asubuhi. Kufikia saa nne, wamama watatu walikuwa wameketi chini yake na mizigo yao. Baba akawakaribia kwa furaha, akawauliza wamemletea nini.

"Tunangoja gari ya Khwisero," mmoja akasema. "Inatokanga saa ngapi?"

Baba alirudi karakanani, akawatolea benchi wakae vizuri. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikauona uso wake, nikanyamaza.

Jioni Mama, aliyekuwa akiuza mboga sokoni, alitoa hukumu. "Baba Watoto, mtu stovu ikimharibikia hatafutangi fundi wa kila kitu. Anatafutanga fundi wa stovu. Na wewe uko hapa Kakamega tu. Andika hivyo."

"Chema chajiuza," Baba akanung'unika.

"Kitajiuza aje kama kimejificha nyuma ya posho mill?"

Tukakipasua kile kibao, tukapata vinne. Cha cherehani tulikipeleka kwenye baraza walikoketi washonaji, cha stovu karibu na nyumba za walimu, cha pampu mbele ya duka la mbegu. Kila kimoja kilitaja kazi moja, Kakamega, na njia ya kufika. Cha nne kilibaki mlangoni na kazi zote, kwa mtu aliyekwisha kufika. Siku hizi kazi yangu ni kupanga kurasa za tovuti za mafundi wa mji mmoja ili wapatikane mtandaoni, na sijapata mwalimu mwingine kumshinda Mama.

Mwalimu mmoja alitangulia na stovu yake. Wakafuata washonaji. Siku ya safari ya Nairobi ilipofika, shati la Baba lilikuwa limepigwa pasi, linaning'inia ukutani. Alilitazama, akavaa ovaroli.

Jioni hiyo Mama alichinja ingokho, kuku wa wageni, siku ya kazi, bila sikukuu. Baba akauliza mgeni ni nani. Mama alipakua obusuma, ugali wetu, kisha akachukua firigisi, kipande cha mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani ya Baba. Tangu aachishwe kazi, kila akipewa alikuwa akiirudisha sufuriani, akidai meno yanamuuma. Jioni hiyo aliila polepole mpaka ikaisha.