Severa Alivyolipia Moshi Wake

Wallahi, nikimfikiria Severa roho inaniuma. Maduka yetu yamepakana hapa Mchafukoge. Yeye Mchaga, mimi Nasma mtu wa pwani, basi kutwa tunataniana. Anashona mikoba ya vitenge, ana mafundi cherehani kibao.

Mwaka jana mnunuzi wake wa Ulaya akamwambia: jenereta lako na mizigo yako ya ndege vinachafua hewa. Lipia msitu utunzwe mahali, unyonye moshi wako, ndipo tuendelee kununua. Akalipa kupitia wakala mmoja.

Nilimcheka mie! Hapa Bongo ukisikia hewa, ujue hakuna kitu: wafanyakazi hewa, viwanja hewa. "Mchaga mzima umelizwa! Umeuziwa miti hewa!"

"Cheka tu. Oda zimeongezeka, na sijapunguza fundi hata mmoja."

Kweli, duka lilichangamka. Na jenereta likaendelea kunguruma vilevile, si ameshalilipia?

Desemba akapanda basi kwenda kwao kula Krismasi. Nikamwambia akaangalie kama miti yake ipo.

Ipo. Jamani, bora ingekuwa hewa! Ni msitu ule wa juu ya kwao, ambako mama yake amekata majani ya ng'ombe tangu alipoolewa. Njiani kumewekwa kibao chenye jina lilelile la mradi aliolipia Severa. Hakuna kuingia. Walinzi walimnyang'anya mama mundu, wakamsukuma akaanguka. Ng'ombe akakonda, mwisho akauzwa.

Severa akarudi na mama yake, akamweka kwake ghorofani. Hana cha kukata, hana cha kulisha. Alfajiri anaamka, anajifunga kanga kiunoni, anafika mlangoni, anakumbuka, anarudi kukaa. Hajui nani alilipa. Severa ameshindwa kumwambia, na mimi nimeshindwa kumlaumu.

Juzi nilipanda kumsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Severa alikuwa anamimina. Mama akamgeukia, anauliza taratibu, hana hata hasira: "Severa, wewe unafanya biashara na wakubwa. Hivi hao waliolipia ule msitu, hawana mama zao?"

Nikainama, nisimtazame mtu. Severa, ambaye Kariakoo nzima haimuwezi kwa maneno, akaweka birika chini.

"Wanao, mama," akasema.