Mukabaranga ajifunza kupokea sifa

Mukabaranga wa kijiji cha Nyamitaba alijifunza Kiingereza akiuza maziwa. Kila asubuhi aliyapeleka kwenye zahanati ya misioni, na muuguzi Mwingereza, ambaye watu wote walimwita Mamuzeli, alimfundisha maneno mawili matatu palepale mlangoni. Kufikia mwaka 1953, mama huyu wa watoto watano, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alikisema Kiingereza bila kubabaika.

Mwaka huo akaja daktari mgeni kutoka Uingereza, anatafuta mkalimani wa wodi ya wazazi. Akazungumza na Mukabaranga, akapendezwa.

“Unasema Kiingereza kizuri sana,” akamwambia.

Mukabaranga akainamisha macho. “Hapana, Dokta. Kiingereza changu ni kibaya. Sijui kitu.”

Alijibu alivyolelewa. Kwao mtu akisifiwa hujishusha, na aliyemsifu huzidi kumsifu. Daktari hakuzidi. Alimwamini, akamchukua karani wa zahanati, Evode, ambaye alisifiwa kidogo akajibu “asante”.

Mamuzeli aliposikia alishika kichwa. “Mama, kwetu muntu akikusifu, unasema asante tu. Ukikataa, anawaza unayosema njo ukweli.”

“Asante tu? Kama vile nilikuwa nangojea anisifu? Mamuzeli, nitaona haya!”

Wiki hiyohiyo akaletwa wodini mama mmoja, Nyiraneza, uchungu wa kuzaa umemshika siku ya pili. Evode alikwama. Maneno ya uzazi hakuyajua, na Nyiraneza hakutaka kumweleza mwanamume mambo yake. Mukabaranga akatua kibuyu cha maziwa mlangoni, akaingia bila kuitwa. Alimshika Nyiraneza mkono, akawa anageuza kila neno la daktari kuwa Kinyarwanda na kila lalamiko la mgonjwa kuwa Kiingereza, mpaka mtoto akalia.

Daktari akafuta jasho. “Umefanya kazi kubwa, Mama.”

Lile “hapana” lilimjia ulimini. Akalimeza.

“Asante, Dokta,” akasema. “Mamuzeli ndiye aliyenifundisha.”

Nusu ya sifa aliipokea, nusu akampa mwenzake. Waingereza hawakumfundisha kujibu hivyo, wala wazazi wake. Jibu hilo alilitunga mwenyewe, amesimama pale na mikono imelowa. Daktari akacheka kwa furaha, akamwomba aanze kazi kesho yake. Evode alishusha pumzi, akarudi kwenye madaftari yake.

Mukabaranga alikaa katika wodi ile mpaka miaka ya hamsini ikaisha. Wanawake walishuka vilima kwa miguu, na kabla ya kumuulizia daktari, waliuliza, “Mama Mukabaranga iko?”