Siku Mfalme Alipopisha Lori

"Mufalme gani anapisha kamio?"

Swali hilo aliniuliza Ansima, binti ya shangazi yangu, mimi nikiwa na kikapu cha maua mkononi na miguu ndani ya mtaro. Kwa kawaida mimi ndiye niliyewachosha watu kwa maswali. Siku hiyo niliulizwa mimi, na mpaka leo, nikinusa ubani uliochanganyika na matope mabichi, masikio yananiwaka.

Ansima na wazazi wake walisali katika kanisa la gitaa na ngoma, naye alikuwa amechoka kunisikia nikijisifia maandamano yetu ya sikukuu ya Kristo Mfalme. Wafalme mimi niliwajua kwa kusimuliwa na koko, bibi yangu mzaliwa wa Luhwindja. Kwao mwami, yaani mfalme wa jadi, alipopita, watu waliingia majanini, wakatua mizigo, hata mbuzi akavutwa pembeni. "Njia iko ya mwami," koko alipenda kusema, "sisi tunaiazima tu."

Basi nikapiga hesabu ya kitoto: ikiwa mwami wa milima michache anapishwa hivyo, Mfalme wa mbingu na dunia je? Nikamwahidi Ansima kwamba Jumapili ile kila gari tutakalokutana nalo litazima injini, hata jeep ya komanda. Akasema atakuja kujionea. Nikishindwa, nitamwita yaya, kama dada mkubwa, hadi Noeli, ingawa mimi ndiye niliyezaliwa kwanza. Kwangu hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kiboko.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na barabara ya kupanda Kadutu ilibaki ukanda mwembamba kati ya madimbwi. Sisi watoto tulitangulia tukienda kinyumenyume, maana Mfalme hapewi mgongo, tukimwaga maua. Padiri alitufuata akibeba Sakramenti, yaani Mfalme mwenyewe katika umbo la mkate, chini ya mwavuli mkubwa wa manjano.

Lori lilikuja likinguruma, limefunikwa turubai, limejaa matope hadi kwenye vioo. Likapiga honi mara moja tu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Papa Katekista, baba aliyetufundisha dini, mwenye sauti ya kuendesha jeshi, akanyoosha mkono: lisimame. Likasimama. Nikamtazama Ansima kwa raha ambayo nadhani ilikuwa dhambi.

Lakini Padiri naye alisimama. Akaliangalia lori, kisha akatuonyesha mtaro.

"Padiri, haki iko yetu," Papa Katekista alinong'ona.

"Haki iko," Padiri akajibu. "Nafasi njo haiko."

Akatangulia mwenyewe kushuka mtaroni, na kanzu yake nyeupe, na mwavuli, na Mfalme. Sisi tukamfuata. Magurudumu yakapita juu ya maua yangu. Hapo ndipo Ansima aliponiuliza swali lake, na kabla sijafungua kinywa akaongeza, kwa upole wa mshindi, "Sasa niite yaya." Nikamwita.

Kwa miaka mingi nilimtetea Mfalme kwa kubuni. Kwanza nilisema mle ndani kulikuwa na mgonjwa. Baadaye mgonjwa akawa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Nilipofika chuo kikuu na kuanza kutilia shaka kila kitu, nikaacha utetezi, nikasema kanisa limezoea kuinama mbele ya kila mwenye injini kubwa. Marafiki zangu waliipenda sana hoja hiyo.

Mwaka jana nikampelekea hoja hiyo Padiri mwenyewe, mzee sasa, anayetembea kwa fimbo. Aliisikiliza yote, akacheka mpaka akakohoa. Akasema maua yalikuwa yamenijaza pua. Yeye alilinusa lile lori kabla halijapiga honi.

"Mufalme iko na siku muzima, mutoto yangu," aliniambia. "Ule mwengine hakukuwa nayo."

Bado nina maswali mengi kuhusu viti vya enzi na wanaovikalia. Ila huyu aliyeshuka mtaroni, nimegundua sijui namna ya kubishana naye.

Chini ya turubai hakukuwa na mgonjwa wala mzazi. Zilikuwa nyanya za wamama wa Luvungi, zilizokwama usiku kucha kwenye matope ya barabara ya Ngomo, zimeanza kuvuja maji, na soko la Kadutu lilikuwa linakaribia kufungwa.