Vitamini Kama Sombe

"Dola yangu kumi na ine, unirudishie!"

Maman aliyepiga kelele hiyo kwenye farmasi moja ya Kadutu alikuwa ameshika ampuli tupu za vitamini D. Bwana yake alikunywa moja kila asubuhi mpaka zikaisha. Sasa anatapika, kiu haimwishi, na daktari anahofia figo zake.

"Ile ampuli ni moja tu kwa miezi tatu, maman," muuzaji akasema, huku akichokonoa meno. "Iko kwenye notisi."

"Notisi iko wapi? Uliniuzisha moja-moja, ukafunga mu gazeti! Nikauliza kipimo, ukasema: 'Vitamini haizidi, maman, iko kama sombe tu, majani ya muhogo ya kula kila siku.'"

Huduma nzuri kabisa! Karatasi ya maelezo inabaki dukani, imelala ndani ya boksi, na mugonjwa anapewa gazeti. Labda lilikuwa hili letu, na muzee alitakiwa kutafuta kipimo katika safu yangu. Basi nakiandika: ampuli hiyo hainywewi mpaka daktari aseme ngapi na lini, maana ikizidi inaumiza figo.

Kazi yako nimekufanyia bure, bwana muuzaji. Rudisha dola kumi na ine ya maman.