Mfereji wa Upande Wangu

Niliishia darasa la nne, na sioni aibu kuliandika hilo mwanzoni kabisa. Waliomaliza vyuo wanalala chini ya mapaa yangu. Nenda Nduruma, nenda Kikwe, ingia nyumba yoyote iliyoezekwa miaka hii, inua macho, uliza kenchi zimetoka wapi. Zimetoka kwangu. Nilianza nikiwa mtu wa chini kwenye msumeno wa shimo, yule anayekula vumbi la mbao huku mwenzake wa juu akipiga mluzi, na leo nina karakana kule mjini, mtaa wa Sakina, ina mashine tatu na watu wanaoniita bosi. Hakuna aliyenishika mkono. Kaka yangu ndiyo kabisa.

Kaka yangu alikuwa mwalimu, sasa amestaafu. Baba alipotugawia shamba letu huku kwenye mteremko wa Meru, yeye alipewa upande wa chini, wenye kahawa na migomba na udongo mweusi. Mimi nilipewa upande wa juu, mawe na vichaka, kwa maneno kwamba mimi ni mtu wa porini, nitajua la kufanya. Katikati baba akapanda masale, ule mmea wa majani marefu ambao kwetu ndio mpaka. Yakishapandwa, hakuna anayeyang'oa.

Na kweli nilijua la kufanya. Nilipanda migrivea, miti ya mbao inayokua haraka. Nilipoivuna mara ya kwanza, ukoo mzima ulikuja kutazama magogo na kuondoka bila kusema neno zuri hata moja. Nikapanda tena, katikati ya visiki vya ile ya kwanza. Sikung'oa kisiki hata kimoja. Vijana wangu nilikuwa nikiwaambia kwamba kung'oa visiki ni kazi ya mtu aliyekosa kazi: kata usawa wa kifundo cha mguu, acha, kitaoza chenyewe kiwe mbolea. Wapasua mbao wote ninaowajua hufanya hivyo. Sisi macho yetu yako kwenye gogo. Kinachobaki chini hatuna habari nacho.

Uzao wa pili ulikua vizuri kuliko wa kwanza. Halafu miti ilipofika unene wa paja, ikaanza kufa.

Haikufa yote. Ulikufa mmoja kule juu kwenye mawe, majani yakageuka manjano, yakapukutika, ukabaki fimbo. Nikasema ni kiangazi. Masika yakaja, ikafa mitatu iliyouzunguka. Kisha mingine sita, na lile duara la miti mikavu likawa linateremka taratibu kuelekea kwenye masale. Mimi naijua mbao kwa harufu nikiwa nimefumba macho, lakini sikujua ule ni ugonjwa gani. Nilichokijua ni kwamba kaka yangu alikuwa amelalamika tangu siku ya kwanza kwamba migrivea yangu inakunywa maji ya kahawa yake. Na nilishamwona mara mbili, asubuhi, amebeba bomba la dawa mgongoni, anapita kando ya mpaka.

Nikaitisha kikao cha ukoo. Nikasimama mbele ya wazee na wake zao, nikamnyooshea kidole: huyu anamwagia miti yangu sumu.

Kaka hata kusimama hakusimama. Alikuwa anamenya ndizi.

"Mdogo wangu," alisema, "hiyo inayokufa iko wapi?"

"Unajua iko wapi!"

"Iko juu kabisa, kwenye mawe. Inayoninywea maji ni hii ya huku chini, nayo ni mizima. Sasa mimi, na magoti haya, nibebe sumu nipande nayo kilima, niiruke miti inayonikera, nikaue isiyonihusu? Hesabu hiyo ni ya darasa la tatu. Hilo si ulilipita?"

Watu walicheka. Mpaka leo naweza kukutajia mmoja mmoja nani alicheka.

Kwa hasira nilikwenda wilayani kumtafuta mtaalamu wa misitu, aje aone sumu kwa macho yake, aandike, niipeleke ile karatasi kwa wazee. Wakaniletea msichana. Alishuka kwenye bodaboda amevaa gamboti na mkoba wa shule begani. "Shikamoo mzee," akanisalimu, nikaitika kwa shingo upande. Nilitaka mtu mwenye mvi.

"Sumu iko wapi, mzee wangu?"

"Wewe ndiye mtaalamu."

Akaomba panga langu. Hakwenda kwenye mti uliokufa. Alikwenda kwenye mmoja uliokuwa unaanza kuwa manjano, akachimbua udongo shinani kwa mikono, akabandua gome pale mti unapoingia ardhini. Chini ya gome kulikuwa na utando mweupe, mnene kama malai juu ya maziwa yaliyopoa. Akanisogezea puani. Ulinuka uyoga. Mimi, mtu wa mbao zaidi ya miaka thelathini, sikuwahi kubandua gome mahali pale.

"Ni ukungu wa mizizi," alisema. "Hakuna sumu hapa. Visiki vya miti ya zamani mliving'oa?"

Alikuwa ameshapiga teke kimoja, kikameguka, ndani yake ule ule weupe.

"Ukungu umeishi humu, mzee. Kisiki ndicho ghala lake la chakula. Mzizi wa mti mpya ukigusa mzizi wa kisiki, ukungu unahamia humo. Ndiyo maana inakufa kwa duara."

Nilimwambia asipaze sauti. Nilikuwa nimechelewa. Kaka alikuwa amesimama upande wa pili wa masale, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani.

Msichana yule hakujua ugomvi wetu, au alijua akaupuuza. Alishuka hadi mpakani akachimbua tena, huku na huku. Mizizi ya migrivea yangu ilikuwa imepita chini ya masale na kuingia kwenye kahawa. Ilikuwa bado mizima, lakini duara likifika pale, alisema, ukungu utasafiri kwenye mizizi hiyo mpaka kwenye mibuni, na mibuni haitapona. Kahawa ile ndiyo maisha ya kaka. Hana mashine Sakina.

"Kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza ni ya haraka. Mnaingia kwenye kahawa, mnang'oa mistari miwili ya kwanza, mnafukua kila mzizi wa mgrivea uliovuka, mnachimba mfereji. Ya pili ni ya polepole. Mzee, unachukua mistari yako miwili ya mwisho, hii mizima, unaivua gome yote kutoka kiunoni hadi chini, ife imesimama. Mizizi ikikosa chakula kutoka juu, inabaki mitupu. Ukungu ukifika haukuti kitu cha kula. Ikishakauka kabisa ndipo mnaing'oa na visiki vyake, mnachimba mfereji upande wako."

"Kwa nini nisiikate tu leo?"

"Ukiikata ikiwa na nguvu, unauwekea ukungu ghala lingine."

Nilimtazama kaka. Ile njia ya haraka ilikuwa mikononi mwake.

"Nitafikiria," alisema. "Lakini mtu aliyeniita muuaji wa miti mbele ya ukoo haingii shambani kwangu na jembe. Aje kwanza na sale mkononi, kama watu wanavyofanya."

Kwetu, ukimkosea mtu unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Akilipokea, yamekwisha, na kulikataa haiwezekani. Kaka alijua anachokiomba. Si kwamba angenikatalia. Alitaka anione nimelishika.

"Utanisubiri sana," nilimwambia.

"Mimi nimezoea kusubiri wanafunzi wazito."

Kesho yake asubuhi niliingia kwenye mistari yangu miwili. Ilikuwa miti bora kuliko yote shambani, imenyooka, haina fundo, miti ambayo mteja angeiona angeanza kunibembeleza. Sikumpa kijana yeyote kazi ile. Nilizungusha panga kiunoni mwa kila mti, nikavuta gome chini kwa patasi, likatoka na maji yake kama ngozi ya mbuzi. Nilivua ishirini na mmoja siku ile, na jioni sikuweza kukunja vidole.

Wapita njia walisimama. "Mzee, unafanyaje hiyo miti?" "Mzee, umechoka na mali?" Mmoja, fundi seremala niliyemfundisha kazi mwenyewe, akawaambia wenzake nisikie: "Bosi sasa anaichuna miti ikiwa hai. Kapandisha mashetani." Nilimwambia apeleke mashetani nyumbani kwa mama yake. Kuwaeleza habari ya ukungu nilikataa. Ningelazimika kueleza na visiki.

Na kaka alikuja, bila shaka. Kila baada ya siku chache alipita kando ya masale akikagua.

"Huu umeacha utepe wa gome huku nyuma. Utapona huu."

"Ukalime kahawa yako."

"Nakwambia tu. Chakula kinapita hapo."

Akiondoka, nilikwenda kuangalia. Utepe ulikuwepo, upana wa kidole. Niliukwangua huku nikimtukana kwa Kimeru.

Miti ile ilikataa kufa. Ilichukua zaidi ya mwaka. Ilisimama na mapaja yake meupe yamekaa wazi, juu bado majani, kila mtu anayepanda kwenda kanisani anaiona. Ile mingine kule juu, iliyougua, nilikuwa nimeshaing'oa na kuichoma, pamoja na visiki vyote vya zamani, kimoja kimoja, kwa sururu na mnyororo. Vijana walinikumbusha maneno yangu kuhusu mtu aliyekosa kazi. Walionikumbusha niliwapa sururu nzito zaidi.

Mistari miwili ilipokauka kabisa, tukaing'oa, tukaanza mfereji hatua moja kutoka kwenye masale, kina cha kufika kiunoni, urefu wa mpaka wote. Kaka aliweka kiti chake chini ya mgomba, upande wake.

"Udongo tupa kwako," alisema.

"Nitupe wapi kwingine?"

"Nasema tu. Ukitupa huku unaniletea uchafu wako."

"Mwalimu, nyamaza au shuka uchimbe."

"Nichimbe? Mimi nina visiki?"

Tulichimba siku tisa na hakukosa hata siku moja. Ya nane alituonyesha kwa fimbo mzizi tulioukata na kuuacha ukutani mwa mfereji, upande wa kahawa, unene wa kidole gumba. Nilishuka mwenyewe nikauvuta mpaka ukatoka wote. Ulikuwa mwepesi, mkavu, mtupu kama alivyosema yule msichana.

Masika yalipopita msichana alirudi. Kaka alimkaribisha shambani mwake, akamwandalia kiti, maziwa, kila kitu. Mimi nilisimama kwangu, ukingoni mwa mfereji, kwa sababu hakuna aliyenikaribisha na sikuomba. Nilimwona akipiga magoti kwenye mbuni wa kwanza, wa pili, wa tatu, anachimbua, anabandua kidogo, ananusa. Alimaliza mstari wote. Nakiri kwamba kwa muda ule wote sikupepesa macho. Ule weupe ungeonekana hata kwenye mbuni mmoja, ningekuwa mimi ndiye niliyeimaliza kahawa ya baba, na hakuna kenchi ya Nduruma ambayo ingenitetea.

Aliinuka, akajifuta magoti. "Safi," alisema. "Yote safi."

Kaka hakunitazama. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, lakini alimgeukia yule msichana na kumwambia kwa sauti ya darasani:

"Mwambie huyo wa huko juu, mvua imebomoa mfereji wake karibu na jiwe kubwa. Udongo umejaa nusu. Auzibue kabla mizizi haijapata njia tena."

Msichana akanitazama, hajui kama alipaswa kurudia. Nilimwambia nimesikia, mimi si kiziwi. Nikafuata koleo.